Mwiko wa Siku Saba

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Gaspari,

Salamu tulipeana asubuhi na uji tulikunywa kwenye meza moja, kwa hiyo sitakuuliza hali. Umekwenda Ilembo kumuaga bibi yako, na ninavyomfahamu mama yangu, hatakuachia mpaka jua lipoe. Mimi nimejifungia dukani. Nimesogeza cherehani ukutani, na karatasi nimeitandaza juu ya meza ya kukatia nguo, pale pale nilipokukatia suruali yako ya kwanza ya shule, ile iliyotoka mguu mmoja mfupi ukaivaa hivyo hivyo mwaka mzima.

Habari za safari siziandiki. Mama yako ameshakuambia namna ya kufunga samaki wa Karema wasinukishe nguo, ameshakuambia usimwamini mtu atakayejitolea kukushikia mzigo Sumbawanga, na ameshakuambia uandike barua ukifika tu Mbala, kabla hata hujaoga. Amekuambia mara tatu mbele yangu, na sijui mara ngapi nisipokuwepo. Mimi nina jambo moja, nalo ni la goti lako. Tafadhali usiruke mistari. Najua unavyosoma barua za watu: unaanzia mwisho kutazama nani kasalimiwa. Hii anzia mwanzo.

Wiki mbili zilizopita, tukiwa tunakula, ulikuwa unamsimulia mama yako habari za ile kambi ya misheni huko Mbala, Zambia, unakokwenda kufundisha mpira. Ukasema ni watoto wengi, wengine hawajawahi kuvaa viatu, na kwamba hulipwi kitu, unapewa chakula na kitanda tu, nawe umeridhika. Nilikuwa nakusikiliza na kujisikia vizuri. Halafu ukasema, "Siku ya kwanza kabisa nitawaita mabeki pembeni. Nitawaambia, mchezeni yeyote mnavyotaka, lakini asiwepo hata mmoja wa kucheza kama Siprian wa Katumba. Nitawaonyesha hili." Ukapandisha suruali, ukatuonyesha goti ambalo halikunjiki.

Mama yako aliacha kula. Hakulitazama goti, alinitazama mimi. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki vizuri, na hiyo suruali yangu unayoona imelegea kiunoni sababu yake ni hiyo, siyo malaria kama nilivyokuambia.

Gaspari, Siprian hakukuvunja goti. Goti lako nililiharibu mimi. Hadithi ya teke, ambayo Makanyagio nzima inaijua, niliitunga mimi, na nimeisimulia mara nyingi kiasi kwamba kuna siku nilikuwa naona ndivyo ilivyotokea kweli.

Ili unielewe, na siyo ili unionee huruma, inabidi nirudi nyuma kidogo. Wewe unajua nilifanya kazi mgodini nikiwa kijana, kabla haujafungwa. Unajua pia kwamba nilicheza timu ya mgodi, maana nimejisifu vya kutosha. Ambacho sikukuambia ni kwamba nilikuwa kipa wa akiba. Misimu miwili nilivaa jezi nikakaa kwenye benchi. Siku moja kipa wetu aliumwa tumbo, nikaingia, nikafungwa manne. Moja lilipita katikati ya miguu yangu, na watu walilicheka mpaka mgodi ulipofungwa. Huo ndio mpira wangu wote.

Baadaye nikajifunza cherehani, nikahamia hapa. Timu ya Makanyagio ilihitaji mtu wa kushona jezi, na walipoona nina mwandiko mzuri wakanifanya katibu. Kisha ukakua wewe, ukaanza kucheza winga ya kulia. Sijui kama unakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakisimama ukigusa mpira. Mimi nilikuwa siutazami mpira, nilikuwa nawatazama wao. Nikipita sokoni nasikia, "Huyo ndiye baba yake Gaspari," na nilikuwa napunguza mwendo makusudi ili nisikie tena. Nilikuwa na njaa ya sifa, mwanangu, na wewe ndiye uliyenilisha bila kujua.

Mwaka ule tukaingia nusu fainali ya kombe la wilaya, na tukapangiwa Katumba, timu ya kambi ya wakimbizi. Wenyewe walikuwa hawajamaliza hata mwaka mmoja na nusu tangu watoke Burundi na kupewa mapori yale wayafyeke, lakini timu yao ilikuwa nzito, na beki wao Siprian alikuwa anazungumzwa mpaka kwenye mabehewa ya treni. Kwenye kikao watu wakasema lazima twende kwa mganga. Timu zote zilikuwa zinakwenda. Timu ambayo haikwenda ilionekana haina viongozi. Mimi, niliyekuwa nasoma somo kanisani, nilinyoosha mkono kukubali, na nikaandika kwenye daftari la kikao kwamba tumekubaliana.

Mganga alikuja Jumamosi mchana, siku moja kabla ya mchezo, nyumbani kwa mwenyekiti. Hayo unayakumbuka, lakini nayaandika kwa sababu nataka uyaone kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Ulikuwepo wembe mmoja kwa timu nzima. Kila mchezaji alikuwa anachanjwa chale tatu kila goti, kisha anapakwa ule unga mweusi. Ulipofika wewe, walikuwa wameshapita wanane. Uliniangalia ukasema taratibu, "Baba, mimi hii siitaki."

Nikakuambia, "Usiniaibishe mbele za watu."

Ukakaa chini. Ulitetemeka kidogo, na mganga akasema mtu akushike. Nilikushika mimi, Gaspari. Nililishika goti lako kwa mikono yote miwili lisitikisike, mpaka akamaliza.

Kisha akatupa mwiko. Siku saba maji yasiguse chale, na siku saba mchezaji asipigwe sindano wala asimeze kidonge cha hospitali. Mmoja akivunja, dawa ya wote inaharibika, na fainali, kama tungeshinda, ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Simlaumu mganga. Alifanya kazi aliyoitiwa, na yeye hakuwa baba yako.

Jumapili asubuhi ulinijia nikiwa nakunja jezi. Ukasema, "Goti lina moto, baba." Sikuweka hata mkono. Nilikuambia hiyo ni dawa inafanya kazi. Nimefikiria sana jambo hilo moja dogo, kwamba nilikuwa na mikono miwili na sikuweka hata mmoja.

Ukacheza. Ukafunga goli letu la ushindi, lile la kutokea pembeni, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Karibu na mwisho Siprian alikupiga teke, ndiyo, lakini alikupiga kwenye ugoko, chini kabisa. Ulianguka, ukainuka, ukamaliza mchezo. Refa hakupuliza hata filimbi. Kama goti lingevunjwa pale, usingetembea kurudi nyumbani ukiimba na wenzako.

Jumatatu hukuweza kushuka kitandani. Jumanne homa ikapanda. Mama yako akasema twende hospitali, nikamwambia tusubiri kidogo. Jumatano akasema tena. Nikamwambia siku zimebaki chache, tukivunja mwiko watu watasema mtoto wa katibu ndiye aliyetupotezea kombe. Hapo mama yako aliniambia neno ambalo bado linanipitia kichwani nikiwa nashona. Alisema, "Baba Gaspari, hilo kombe utalipikia ugali?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mpira siyo mambo ya wanawake, nikatoka nikaenda kukaa na wenzangu, na wao wakaniuliza kijana anaendeleaje, nikasema vizuri.

Ijumaa, nikiwa kwenye kikao cha timu, mama yako aliazima baiskeli ya jirani, akakupakia, akaisukuma mwenyewe mpaka hospitali. Ilikuwa siku ya sita. Nilipopata habari, najua utaona aibu kwa niaba yangu, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kwamba amebakiza siku moja tu.

Daktari alinitoa nje kwenye baraza. Alikuwa kijana, ananiita mzee kwa adabu, na adabu yake ilinichoma zaidi ya matusi. Alisema, "Mzee, teke liko huku chini, na limeshaanza kupona. Usaha uko kwenye goti, na uchafu umeingilia kwenye hizi chale. Ungemleta Jumatatu angecheza tena. Sasa tutamwokoa mguu, lakini goti halitakunjika." Nikamuuliza kama amemwambia mtu mwingine. Ndivyo nilivyouliza. Mwanangu yuko ndani anaunguzwa na homa, na mimi nauliza kama amemwambia mtu mwingine.

Nikaingia ndani. Ulikuwa umefumbua macho. Ukaniuliza, "Baba, ni lile teke la Siprian, siyo?"

Ulinifungulia mlango mwenyewe na mimi nikapita. Nikasema, "Ndiyo mwanangu. Ni lile teke."

Fainali tulifungwa mbili bila. Mganga akasema ni kwa sababu mwiko ulivunjwa, na kwa siku nzima mimi niliamini, nikamnunia mama yako aliyekuokoa mguu. Alikuwa anakuletea uji hospitali na kurudi, ananipita mlangoni.

Wiki iliyofuata niliandika barua kwa chama cha mpira. Niliiandika kwa mwandiko huu huu unaousoma, nikapiga mistari kwa rula. Niliandika kwamba mchezaji wa Katumba alimvunja goti mwanangu kwa makusudi, na nikaomba afungiwe. Wakamfungia miaka miwili. Wakati huo alikuwa ameshachaguliwa kuingia kombaini ya wilaya. Watoto wa hapa mjini wakampa jina la Mvunja Goti, na akija sokoni na mahindi yake wanamfuata wakimwimbia. Nilikuwa nawasikia kutokea hapa dukani. Sikuwahi kutoka kuwanyamazisha.

Na unakumbuka ile siku pale sokoni, mwaka juzi? Ulikuwa umeshaacha magongo. Siprian alikuja mbele yetu akavua kofia, akanyoosha mkono akupe pole. Ulimtazama, ukamgeuzia mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako na kifurushi cha nyuzi, na nilifurahi. Nilijiambia mwanangu anajua kujiheshimu. Yeye alibaki na mkono wake hewani, akautazama kidogo, akaurudisha mfukoni.

Miaka yote hii nimekuona ukisimama kwenye uwanja wa shule na filimbi yako, mguu umenyooka, unawafundisha watoto wa watu kutuliza mpira kwa kifua. Watu wananiambia, "Mzee, kijana wako ana moyo, ameumizwa lakini hakuuacha mpira." Padri naye aliona, ndiyo maana jina lako limefika mpaka Mbala. Nilikuwa naitikia nashukuru. Ningependa ujue kwamba sikuwa na amani hata siku moja, lakini huo ungekuwa uongo mwingine. Siku nyingi nilikuwa nalala vizuri tu. Hilo nalo linaniuma.

Ila uliposema habari ya mabeki wa Mbala, nikaona uongo wangu unapakiwa kwenye lori pamoja na wewe, unavuka mpaka, unakwenda kufundishwa kwa watoto ambao hawajamwona Siprian wala mimi. Hapo nilishindwa.

Jumapili iliyopita, nilipokuambia nakwenda kumpima mteja kanzu, nilichukua baiskeli nikaenda Katumba. Nilimkuta anatundika tumbaku bandani. Ana mke sasa, na mtoto mmoja anayetambaa. Mke wake akaniletea kiti. Sikukalia. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kama ninavyokuandikia wewe, na yeye hakuacha kutundika majani mpaka nilipomaliza.

Akasema, "Mzee, mimi nilijua tangu siku ile. Mguu wako ukigonga goti la mtu, unajua. Mimi nilimpiga ugoko. Na nilimpiga kweli, hilo sikatai, alikuwa ameshanipita mara nyingi mno."

Karibu nicheke, na nikaona aibu kutaka kucheka.

Nikamwambia, "Nimekuja kuomba msamaha."

Akaniuliza, "Gaspari anajua?"

"Bado."

Akatikisa kichwa. "Basi mzee bado hujafika. Hapa umefika nusu ya njia."

Nikamwambia kwamba unaondoka Jumatatu ya wiki ijayo, na sijui nianzie wapi kukuambia. Akasema, "Nitaomba kibali cha kutoka kambini. Jumatatu hiyo asubuhi nitakuja pale malori yanapopakia, nisimame ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ya kusaga. Sitavuka. Siku ile nilimfuata mimi, sirudii. Akivuka yeye, nitajua umemwambia. Asipovuka, nitarudi kwenye tumbaku yangu, nawe usije tena hapa kwangu."

Sina la kuongeza kwenye maneno yake. Kesho utamwona, utafanya unavyoona. Simwombei yeye msamaha, maana hana kosa, na mimi sikuombi unisamehe kwa haraka ili niagane nawe kwa furaha. Ukipanda lori bila kunipa mkono, nitaelewa. Nitaumia sana, lakini nitaelewa.

Ila kuna moja nataka uondoke nalo, siyo kwa sababu mimi ni mwenye busara, maana umeshaona busara yangu. Huko watakukabidhi watoto wa watu, na watakupenda, kwa sababu wewe unapendeka ukiwa na mpira. Kwa hiyo watakuficha maumivu. Watakuambia kwa sauti ya chini, asubuhi, ukiwa na shughuli zako, wakiogopa kutolewa kwenye timu. Mtoto akikuambia goti lina moto, weka mkono, Gaspari. Acha kila kitu uweke mkono. Na siku utakapojikuta unawatazama watu wanaotazama badala ya kumtazama mtoto, umnong'onezee mtu mwingine ashike filimbi, wewe ukakae chini.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, chini ya shati la kanisani, uikute ukiwa umeshavuka mpaka. Nilikuwa nimeshaipangia na mahali. Mama yako ameingia sasa hivi kuchukua mkasi, akaona naikunja kidogo kidogo, akanielewa bila kuuliza. Amesimama mlangoni akaniambia, "Unangoja nini tena, siku ya saba?"

Akachukua mkasi wake akatoka. Ni mara ya kwanza katika miaka minne kunitajia mwiko ule.

Basi siiweki kwenye begi. Ukirudi kutoka Ilembo nitakupa mkononi, na nitakuomba uisome hapa hapa mezani, kabla hujanawa. Sasa unaposoma mstari huu mimi nimekaa mbele yako. Sijatoka kwenda kwa wenzangu. Mikono yangu iko juu ya meza, unaiona. Sema unalotaka kusema, au nyamaza, au inuka utoke. Mimi sitaondoka kwenye kiti hiki mpaka wewe uwe umemaliza.

Ni mimi baba yako, niliyekushika goti.